Homa Bay, Ghuba ya Wanafunzi

Kijana wa Pwani anayepangiwa kusoma Chuo Kikuu cha Tom Mboya, mjini Homa Bay, havuki mpaka wa nchi, lakini mengi humkuta kama aliyevuka. Kutoka Mombasa ni mwendo wa zaidi ya kilomita 800. Sokoni husikia Kijaluo, na maji ayaonayo mbele yake ni mapana kama bahari, ila hayana chumvi wala hayapwi. Jua huzama takriban dakika 20 baada ya kuzama Mombasa, basi katika Ramadhani mama hupiga simu keshafuturu, naye mwana angali anangoja adhana. Hata kibla hubadilika: nyumbani alizoea kuelekea kaskazini karibu sawasawa, huku hana budi kupinda kidogo upande wa mashariki.

Tulipozuru pande hizo tulitaka kwanza kuwaona ndugu zetu wa Kendu Bay, Waislamu wa Kijaluo ambao wengi wetu huku Pwani hatuwajui. Mama mwenye mtandio wake hukupokea kwa salamu uliyoizoea tangu utotoni, kisha mazungumzo yakaendelea kwa lugha usiyoielewa hata neno. Hapo mgeni hujihisi nyumbani na ugenini kwa wakati mmoja.

Ni karibu na Kendu Bay alikozaliwa Barack Obama, baba yake rais wa Marekani, mwana wa Mzee Hussein Onyango aliyekuwa Mwislamu. Mwaka 1959 alikwenda Honolulu, akawa mwanafunzi wa kwanza Mwafrika katika Chuo Kikuu cha Hawaii. Septemba ya mwaka huo huo, ndege iliwachukua vijana 81 wa Kenya hadi New York, kwa juhudi za Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani. Mboya, ambaye kaburi lake liko kisiwani Rusinga, ng'ambo ya Mbita, alikuwa amesoma Ruskin College, Oxford, mwaka 1955 hadi 1956. Ugeni wa masomo hakuusikia kwa watu.

Binti mmoja aliyefuata njia hiyo mwaka 1960 ni Wangari Maathai wa Nyeri. Akielekea chuoni Kansas kwa basi, yeye na wenzake walisimama mkahawani huko Indiana kununua kinywaji. Wakaambiwa wakanywee nje, kwa sababu ya weusi wao. Hilo halikuwamo katika barua ya chuo.

Obama naye alimwacha nyumbani mke mjamzito na mtoto mdogo, na mwaka 1961 akaoa mke mwingine huko Hawaii. Hatusemi haya kumsengenya maiti. Twasema kwa kuwa tumeona familia zetu zikichanga karo hadi shilingi ya mwisho, zikiuza hata dhahabu ya bibi, bila kuzungumza hata jioni moja juu ya mke atakayebaki, nani atamtazama, na mume atarudi lini.

Katika madhehebu yetu ya Shafii, anayenuia kukaa mahali siku 4 kamili, mbali na ile ya kuingia na ile ya kutoka, safari yake imekatika: hapunguzi tena sala. Mwanafunzi wa muhula mzima, basi, ni mkaazi tangu afikapo. Tumewaona wanaoishi miaka minne kama abiria, begi halijafunguliwa vizuri, jirani hawamjui jina. Ajifunze kusema "erokamano" anapopewa kitu. Ale omena na ngege bila wasiwasi, maana samaki wa ziwani ni halali kama wa baharini; nyama ndiyo ya kuulizia mchinjaji.

Akina mama ambao wana wao wanaanza muhula ujao wamwombe imamu wa mtaa awatafutie namba ya simu ya msikiti wa huko, kabla tiketi ya basi haijakatwa. Mabinti watafutiwe pia mama mmoja wa Kiislamu mwenyeji, wa kumpigia hodi siku ya homa.