Vinanda Viwili Katika Kanisa Moja

Katika mji wa Paris, upande wa kusini wa mto Seine, liko kanisa kubwa liitwalo Saint-Sulpice, ambalo minara yake miwili hailingani kwa urefu. Mgeni aingiaye na kugeuka nyuma huona, juu ya mlango mkuu, kinanda kikubwa mno cha mabomba, kilichoundwa upya na fundi Aristide Cavaillé-Coll mwaka 1862. Kina safu tano za kupigwa kwa mikono na nyingine ya kukanyagwa kwa miguu. Zamani watu walivuta mivukuto ili kukipa pumzi; baadaye kazi hiyo ikatwaliwa na umeme.

Marcel Dupré alikuwa mpiga kinanda wa kanisa hilo tangu mwaka 1934 hata alipofariki mwaka 1971. Binti yake, Marguerite, alikuwa hodari wa piano, na baba alitunga muziki wa kupigwa kwa vyombo hivyo viwili pamoja, kama ule uitwao Ballade, wa mwaka 1932. Kabla yake César Franck, aliyepiga kinanda katika kanisa la Sainte-Clotilde, mjini humo humo, hata kufa kwake mwaka 1890, alikwisha kutunga muziki wa piano na kinanda kidogo cha kukanyaga, cha namna iliyojulikana sana katika makanisa ya misheni ya Afrika ya Mashariki.

Kuvipatanisha vyombo hivi si kazi ndogo. Kwanza iko sauti. Hewa ikipata joto, sauti ya mabomba hupanda, lakini nyuzi za piano haziifuati. Mabomba ya Saint-Sulpice hupita 6,000, wala hayarekebishiki kwa jioni moja. Basi piano, kwa kuwa ndiyo mgeni, hukazwa nyuzi zake ifuate sauti ya mwenyeji, na yafaa fundi aifanye kazi hiyo kanisa likiwa na joto lile lile litakalokuwapo wakati wa kupiga.

Pili uko umbali. Piano ikiwekwa karibu na madhabahu, kinanda kiko mbali, juu ya mlango. Sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde. Mita 100 huzipita kwa karibu theluthi ya sekunde. Kila mpigaji akingoja kumsikia mwenzake, wote wawili watazidi kuchelewa, hata muziki ulegee na kuvunjika mbele ya watu. Dawa yake ni kuufuata mkono wa mwenye kuongoza, au picha yake katika kioo cha televisheni, wala wasiyategemee masikio peke yake. Wakifanya hivyo, aketiye katikati ya kanisa huzipokea sauti mbili kwa wakati mmoja.

Nyumbani kwa Dupré, huko Meudon karibu na Paris, taabu hiyo ilikuwa ndogo, kwa maana vyombo vyote vilikuwa katika ukumbi mmoja.

Wahenga walisema kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Vinanda hivi hukaa, lakini kwa sharti kwamba mmoja akubali kumfuata mwenziwe.