Bariadi: Tiba Isiyouzwa Dukani

Msafiri atokaye Mwanza kwenda Bariadi hufuata barabara ya Musoma, ziwa likiwa upande wake wa kushoto, hata afikapo Lamadi, mji mdogo ulio jirani na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Hapo hukata kulia, na katika mwendo wa kilomita zipatazo 70 za lami nchi hubadilika. Upepo wa ziwa huisha. Pande zote mbili huonekana mashamba ya pamba, mtama na mahindi, makundi ya ng'ombe, na zile sehemu za malisho zilizotengwa ambazo Wasukuma huziita ngitili. Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 2. Wengi wetu tukaao mijini tulianza kulizoea jina la Bariadi mwaka 2018, sherehe za Nane Nane zilipofanyika kitaifa katika uwanja wa Nyakabindi.

Waandishi wajao huku aghalabu huja kwa ajili ya pamba, wala si ajabu, kwa kuwa Simiyu ndio mkoa uongozao nchini kwa zao hilo. Safari hii nilifuata jambo jingine, lisilopimwa kwa mizani ya ghala: namna familia ziishivyo na watoto ambao ubongo wao umejengeka kwa taratibu zilizo tofauti na za wengi wetu.

Watoto hao wapo katika kila mji na kila kijiji cha nchi hii. Wa kwanza kutajwa ni wenye usonji, hali iliyoelezwa kitabibu na Daktari Leo Kanner huko Marekani mwaka 1943. Mtoto huchelewa kusema, au hasemi kabisa. Huepa macho ya watu. Hurudia tendo moja mara nyingi. Na badiliko dogo la ratiba, au kelele ambayo sisi hatuisikii hata kidogo, laweza kumtesa vibaya. Wako pia wale wasioweza kutulia mahali pamoja, na wale wasomao herufi kwa taabu kubwa ingawa akili zao ni kali. Mitaani huitwa watukutu, mabubu, au majina mabaya zaidi ambayo hayafai kuchapwa katika ukurasa huu. Mama mzazi naye huulizwa alikula nini, au amemkosea nani. Tusidhani, hata hivyo, kwamba lawama hiyo ni ujinga wa vijijini. Katika miaka ya 1950 na 1960 walikuwapo madaktari mashuhuri wa Marekani na Ulaya waliofundisha kwamba usonji huletwa na mama asiyempenda mwanawe. Utafiti uliofuata uliyatupilia mbali mafundisho hayo. Mtoto huzaliwa hivyo.

Katika kaya moja, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki kutoka mjini, nilipokewa na mama wa makamo, nikapewa kigoda chini ya mti. Mwanawe wa miaka 9 alikuwa amekaa upande wa pili wa ua, akipanga vizibo vya soda kwa rangi, wala hakuinua macho. Nilimuuliza mama walianza lini kuiona tofauti. Akasema ni alipokuwa na miaka miwili, wenzake walipoanza kuita mama na baba, yeye akawa anavuma sauti moja tu kutwa nzima. Tangu hapo walizunguka kwa waganga, mmoja baada ya mwingine, na ng'ombe wanne wakaondoka zizini.

"Na sasa, mayu?" nilimuuliza.

"Sasa tumeacha, baba. Tulikuwa tunatafuta dawa ya kumfanya aseme. Hakuna aliyetuambia tumfundishe kula mwenyewe."

Maneno hayo ya mama yule ndiyo kiini cha fani iitwayo tiba kwa vitendo. Mtaalamu wake haahidi kuuondoa usonji, kwa kuwa usonji hauna dawa ya kuuponya, na mtu auzaye dawa hiyo, awe wa kibuyu au wa chupa yenye lebo nzuri, yafaa aepukwe. Yeye huuliza swali jingine: mtu huyu anahitaji kufanya nini katika siku yake, na ni kitu gani kinachomzuia? Kisha tendo hukatwa vipande. Kuvaa shati, mathalani, si tendo moja. Ni kulitambua la mbele na la nyuma, kuingiza mkono, kuuvuta ukosi, kukishika kifungo kwa vidole viwili, kukielekeza tunduni. Mtoto huachiwa kwanza kipande cha mwisho tu, yaani kukivuta kifungo ambacho mama amekwisha kukipenyeza nusu, ili amalize kazi kwa ushindi. Wiki ifuatayo huongezwa kipande kimoja nyuma yake. Wazazi wengi hufanya kinyume: huanza mwanzo, hukasirika katikati, na kumalizia wenyewe.

Vifaa vya kazi hiyo havihitaji kuagizwa ng'ambo. Mpini wa kijiko uliozungushiwa kipande cha mpira wa baiskeli hushikika vizuri na mkono dhaifu. Picha chache zilizochorwa kwa makaa ukutani, za kuoga, kula, kwenda malishoni na kulala, humwonyesha mtoto asiyefuata maneno kitakachokuja baadaye, naye hutulia kwa kuwa hashtukizwi. Wako watoto ambao kazi nzito ya mikono na mabega huwatuliza: kubeba ndoo, kusukuma toroli, kutwanga. Si wote, na mzazi hana budi kumtazama wake. Na katika msimu wa pamba kuna kazi ambayo, kwa maoni yangu, kama isingekuwapo tungeibuni, nayo ni kutenganisha pamba safi na fifi. Fifi ni ile iliyochafuka au kubadilika rangi, nayo huuzwa kwa bei ya chini. Kazi hiyo yataka jicho lisilochoka kutafuta tofauti ndogo, na hilo ndilo jicho walilo nalo baadhi ya watu wenye usonji. Yule kijana wa vizibo huitenda kazi hiyo kuliko dada zake.

Hapa lakini pana hatari. Kazi imfundishayo mtoto huwa na kipimo, huwa na mtu pembeni, na hukoma anapochoka. Kumtuma mtoto asiyeweza kulalamika akachunge peke yake kutwa nzima kwa sababu haombi ujira, huko si kumtibu. Ni kumtumia.

Wazo la tiba kupitia kazi lina umri mkubwa. Huko Marekani fani hii ilipata chama chake cha kwanza mwaka 1917. Kwetu, Lutindi katika milima ya Usambara, palipoanzishwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani na kugeuzwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1904, kilimo na kazi za mikono zimekuwa sehemu ya matibabu tangu zamani. Usonji si ugonjwa wa akili, lakini mzizi wa tiba ni ule ule.

Upungufu mkubwa ni watu wa kuifundisha. Wataalamu wa fani hii nchini kwa miaka mingi wamefunzwa KCMC, Moshi, na hospitali kubwa ya rufaa iliyo karibu na Simiyu ni Bugando, Mwanza. Kutoka kijiji cha Itilima au Meatu hadi Bugando ni nauli ya watu wawili, malazi, na siku za palizi zilizopotea, pamoja na basi lililojaa muziki na watu, ambalo kwa mtoto asiyestahimili kelele ni adhabu tupu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imewapa haki ya afya, elimu na utengamao. Haki hiyo haitafika kwa miguu yake. Mtaalamu mmoja azungukaye vituo vya afya vya wilaya, akimwonyesha mama mambo mawili matatu ya kufanya hadi ziara ijayo, angefaa kuliko chumba kizuri kilichoko mbali, kwa maana mazoezi yenyewe hufanyika nyumbani, kila siku. Mzazi aonaye mtoto wa mwaka mmoja na nusu hasemi neno wala haitiki jina lake asingoje. Aseme kliniki siku ya kupima uzito, na aombe masikio yapimwe kwanza. Kwa huduma nyingine aende kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri.

Jambo lisilosemwa sana ni uchovu wa mama. Mtoto asiyelala usiku humkesha mtu mmoja, na mtu huyo ndiye ashikaye jembe alfajiri. Katika kaya ile bibi huchukua zamu ya jioni, na dada mkubwa amejifunza ule utaratibu wa vifungo. Baba alichelewa kukubali. Sasa ndiye azibaye masikio ya kijana kwa kitambaa ngoma zinapolia kwa jirani.

Ununuzi wa pamba huanza yapata mwezi wa Mei, na penye mizani hujaa watu, pikipiki na mabishano. Familia imekwisha kupatana: babu atatangulia na kijana kukiwa bado na giza, wapime fungu lile alilolichagua mwenyewe, na warudi nyumbani kabla foleni haijaanza.