Ikonge, ambako chai hainywewi bila tangawizi

IKIWA hujafika Ikonge, mpenzi msomaji, ipange safari hiyo. Ni kituo cha biashara katika eneo la Nyamira Kaskazini, kwenye barabara itokayo Chebilat kuelekea Chabera. Popote utazamapo ni kijani tupu: majani chai yamefunika vilima na migomba imezunguka maboma. Asubuhi kuna baridi na ukungu, na ukishuka tu kwenye matatu utatamani kitu cha moto.

Ingia basi katika kibanda cha chai. Wasalimu wenyeji kwa "bwakire" na watakusogezea benchi. Usishangae ukisikia wateja wakimwita mama mwenye kibanda "baba". Kwa Ekegusii, "baba" ndiye mama, na baba mzazi huitwa "tata".

Mama niliyemkuta mimi alikuwa akiponda tangawizi katika kinu kidogo. Aliitia kwenye maji, akayaacha yachemke barabara, kisha ndipo akatia maziwa na majani chai. Nilipomuuliza kwa nini asivitie vyote pamoja, alicheka. Aliniambia kwamba mwenye haraka hunywa mabonge.

Naam, alisema kweli. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na moto ndio unaokiua. Kimeng'enya hichohicho hulainisha nyama. Kwa hivyo, ukinunua jogoo mzee wa kienyeji, mpake tangawizi iliyopondwa pamoja na kitunguu saumu na chumvi, umwache kwa nusu saa kabla ya kumbandika motoni. Meno yako yatakushukuru.

Jambo la ajabu ni kwamba mkulima wa Ikonge huchuma majani mawili na chipukizi ya chai katika shamba lake mwenyewe, lakini tangawizi mara nyingi huinunua sokoni. Masoko ya Kenya hupata tangawizi kutoka Uganda na Tanzania, ambako wakulima wa Same, mkoani Kilimanjaro, ni miongoni mwa wanaoikuza. Mmea huu asili yake ni Asia, nao hupenda joto, mvua na kivuli kidogo. Huchukua miezi minane hadi kumi kukomaa. Tunachokula si mzizi kama wengi wadhanivyo, bali ni shina linalotambaa chini ya udongo. Ikikaushwa huzidi ukali, kwa hivyo ukitumia ya unga, punguza kipimo.

Je, ni dawa? Hapa, msomaji, tega sikio. Utafiti umeonyesha kwamba tangawizi hupunguza kichefuchefu, hasa kile kinachowasumbua akina mama katika miezi ya kwanza ya uja uzito. Hata hivyo, mama mja mzito aulize kliniki kwanza kuhusu kiasi. Mwenye mafua hupata nafuu ya koo kwa sababu ya joto na ukali wake, ingawa mafua yenyewe huondoka kwa wakati wake. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwone daktari kabla ya kuizoea, na mwenye kiungulia aitumie kidogo tu.

Mama yule alinisimulia kisa ambacho hakisahau. Mjukuu wake alishikwa na homa jioni moja. Kwa siku mbili alimnywesha maji ya tangawizi na kumfunika blanketi, akiamini kuwa ni baridi ya mvua. Siku ya tatu mtoto hakuweza hata kuketi. Walimkimbiza kwenye zahanati, akapimwa damu na kukutwa na malaria. Alipona, lakini tangu siku hiyo nyanya mtu huanza na zahanati, tangawizi baadaye.

Hilo ni funzo zito kwa sehemu hizi. Nyanda za juu za Kisii na Nyamira zimewahi kupatwa na milipuko mikali ya malaria, hasa katika miaka ya 1980 na 1990, na wengi bado hudhani kwamba penye baridi hapana mbu. Tangawizi haitibu malaria. Mtoto mwenye homa hupimwa siku hiyohiyo, wala hasubiri kesho.

Ukirudi mjini, jaribu chai ya Ikonge. Chukua tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, uioshe na kuiponda. Ichemshe katika vikombe viwili vya maji kwa dakika tano. Tia vikombe viwili vya maziwa na vijiko viwili vya majani chai, uache ifure mara moja, kisha uchuje. Watu wanne watatosheka. Sukari kila mtu ajitilie, tena kidogo, ili usije ukaikimbia baridi ukaangukia kisukari.

Mimi nilikunywa vikombe vitatu. Nilipotaka kulipa, mama alikataa pesa za kikombe cha tatu. Nikamwaga kwa kumwita "baba", na kibanda kizima kikaangua kicheko.