Njia ya Malindi

Atokaye Mombasa kwenda Malindi huipita Kikambala kabla ya kuvuka daraja la Kilifi. Hapo, tarehe 28 Novemba 2002, gari lenye mabomu lililipuka mbele ya Hoteli ya Paradise. Wengi wa waliofariki walikuwa Wakenya, wakiwemo wachezaji ngoma waliokuja kuwalaki wageni.

Mwaka 2014 pigo lilitua kaskazini zaidi. Mwezi Juni watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani, kaunti ya Lamu. Malindi haikuguswa, lakini aliyeko Milano akitazama ramani huiona pwani moja tu, akaahirisha safari. Nasi tumezoea kuuhesabu mwaka kwa Waitaliano: huja Desemba, masika ikikaribia huondoka.

Hoteli ifungwapo, mpishi ndiye wa kwanza kutajwa. Nani amtajaye mvuvi wa Shela (yetu ya Malindi, si ile ya Lamu) aliyekosa wa kumuuzia kambamti? Au mama ashonaye nguo za kikoi, anayezitundika barazani asubuhi na kuzikunja jioni zote zikiwa kamili, huku mwalimu wa madrasa akiingojea ada kwa haya?