Mzigo wa Kichwani

Nilipokuwa darasa la tano, kule Tabora, mwalimu alituonyesha picha ya mkulima wa Ulaya, plau yake ikikokotwa na farasi wawili. Akasema babu zetu walibeba mizigo kichwani kwa sababu ya uvivu wa kufikiri. Nilirudi nyumbani na aibu, maana baba yake babu alikuwa mpagazi, aliyebeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo.

Babu hakukasirika. Alinipeleka ukingoni mwa pori la miombo, akasema, "Mjukuu wangu, mlete ng'ombe wako hapa, kisha hesabu siku zake." Kabla hajamaliza, mbung'o alinitua mkononi.

Mbung'o huwaambukiza ng'ombe na farasi nagana, na binadamu malale. Pasipoishi mnyama wa kukokota, plau na gari havina kazi. Hubaki jembe na bega la mtu. Tena, katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi mno Afrika Mashariki. Malisho yakageuka vichaka, mbung'o akatanua eneo lake.

Hata hivyo, ardhi nayo isiwe kisingizio. Mwaka 1997 Unguja ilitangazwa kuwa haina mbung'o tena, baada ya kazi ya dawa na ya mamilioni ya madume waliofanywa tasa kwa mionzi. Mzigo tuliotwishwa na mahali unaweza kutuliwa.

Mwalimu yule sikumjibu siku ile. Jibu langu ndilo hili.