Nyumba ya Sukari

Mtu anapokwenda ugenini huchukua mizigo miwili: mmoja aliufunga mwenyewe, na wa pili hajui kuwa anao. Wa kwanza huutua afikapo. Wa pili humfungukia asipotazamia. Wangu ulinifungukia katika nyumba ya Harewood, jimbo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza.

Ulikuwa mwezi wa Juni. Chuo kimoja cha huko kilinialika kutoa mihadhara juu ya tenzi za Kiswahili, na siku ya mapumziko nilipanda basi mjini Leeds nikateremka kwenye lango la Harewood. Nje ya lango kuna kijiji cha nyumba za mawe zilizopangwa kwa mistari, kama askari wanaomngojea mkubwa wao apite. Kilijengwa upya katika karne ya 18 kwa mchoro wa John Carr wa York, yule yule aliyechora nyumba kubwa.

Ninakiri kwamba nilikwenda na hukumu mkononi. Nilikuwa nimesoma habari za pahali pale. Nilijua ya kuwa Henry Lascelles alikuwa mtoza ushuru wa forodha mjini Bridgetown, katika kisiwa cha Barbados. Kwamba alitajirika kwa biashara ya sukari na ya watumwa, na kwa kuwakopesha fedha wenye mashamba ya miwa. Na kwamba mwanawe Edwin, aliyezaliwa kisiwani humo, ndiye aliyeanza kujenga Harewood mwaka 1759, nyumba ikakaliwa mwaka 1771. Basi niliingia kama kadhi aliyekwisha andika hukumu, akabakisha kusikiliza mashahidi kwa ajili ya adabu tu.

Nilianza nje. Upande wa kusini kuna baraza kubwa ya bustani, iliyoongezwa na Charles Barry katika miaka ya 1840. Vitalu vya maua vimezungushiwa ua mfupi uliokatwa kwa ustadi, mithili ya nakshi za mlango wa Kiunguja zilizolazwa chini. Ukisimama ukingoni mwa baraza ile waona ardhi ikiteremka polepole, kondoo wakilisha, miti imesimama makundi makundi, na chini kabisa ziwa limelala kimya. Ungeapa kwamba pahali pale paliumbwa hivyo tangu mwanzo wa dunia. Sivyo. Ziwa lile la eka 32 lilipatikana kwa kuziba kijito, na miti ilipandwa pale ilipochaguliwa isimame. Fundi wake alikuwa Lancelot Brown, aliyepewa lakabu ya Capability kwa sababu alizoea kuwaambia mabwana kwamba ardhi yao ina uwezo wa kutengenezwa ikawa bora kuliko ilivyo. Nyumba ya zamani ya Gawthorpe, iliyokuwa huko bondeni, ilibomolewa.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Mafundi wengine hujivunia alama ya mkono wao. Brown alijivunia kuuficha. Watu waliochimba udongo ule na kuusukuma kwa mikokoteni hawakuacha dalili, maana kazi yao ilihesabiwa kuwa imekamilika siku ile ilipoonekana kana kwamba haikufanywa na mtu. Na mimi, kadhi mwenye hukumu, nilijikuta nimefurahi. Uzuri haumwombi mtu ruhusa.

Ndani niliona dari zilizonakshiwa kwa michoro ya Robert Adam, na samani za Thomas Chippendale, seremala mashuhuri aliyezaliwa mwaka 1718 huko Otley, mwendo mfupi kutoka hapo. Katika ukumbi mrefu wa picha nilitazama juu ya madirisha nikaona pazia zito zinazoning'inia kwa mikunjo na vishada. Nilipokaribia niligundua kuwa si kitambaa. Ni mbao, zimechongwa na kutiwa rangi hata jicho likadanganyika. Nikajisemea: ziwa lisilo ziwa, pazia lisilo pazia, hapa kila kitu kimefundishwa kuficha asili yake.

Nilikuwa ningali nikilifurahia shairi hilo la kichwani mwangu, bibi mmoja mzee, mwongozaji wa wageni, aliponijia akaniuliza kama nina swali. Niliona saa ya kumbana shahidi imefika. Nikamwuliza, kwa sauti ya upole isiyokuwa na upole ndani yake, fedha za kujengea nyumba zilitoka wapi.

Hakubabaika. "Nyumba hii ilijengwa kwa sukari, Bwana," alisema, "na sukari ililimwa na watumwa." Kisha akaeleza kwamba Bunge lilipopitisha sheria ya kufuta utumwa mwaka 1833, fidia ya pauni milioni 20 iliwekwa kwa ajili ya mabwana, wala watumwa hawakupata kitu. Sehemu ya Lodi wa Harewood ilikuwa zaidi ya pauni 26,000 kwa ajili ya watu 1,277. Shamba la mwisho la ukoo huo huko Barbados liliuzwa mwaka 1975. Kisha akanionyesha picha ya Arthur France, mzaliwa wa kisiwa cha Nevis, mmoja wa waanzilishi wa sherehe za Karibi zilizoanza Leeds mwaka 1967. Picha hiyo iliwekwa katika miaka hii ya karibuni, ili nyuso zilizokosekana kutani zianze kuonekana.

Nilimshukuru nikatoka. Nilikuja kufichua, nikakuta pamefichuliwa. Sisemi kwamba kukiri ni kulipa: nyumba ingali imesimama, ziwa lingali na mwenyewe, na picha moja haitoshi kwa watu 1,277. Lakini hukumu yangu ilikuwa imenitoka mkononi, na mkono mtupu hauna raha.

Niliketi katika ua wa mabanda ya zamani ya farasi, ambako siku hizi huuzwa chai. Nilipoinua kijiko cha sukari ndipo ule mzigo wa pili uliponifungukia.

Mimi ni mtu wa Pangani. Katika karne ya 19 kingo za mto wetu zilijaa miwa, na miwa hiyo ilikatwa na watumwa. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita juu ya Wajerumani mwaka 1888, alikuwa na shamba la miwa huko. Twamfundisha kama shujaa, na ushujaa wake sikatai. Lakini katika miaka yangu yote ya kusomesha sijapata kumwuliza mwanafunzi ni nani aliyekuwa akiikata miwa ile. Babu yake bibi yangu naye alikuwa na shamba, dogo, lakini shamba. Katika harusi za utoto wangu palikuwa na jamaa waliokuja kutwanga na kupika, wakaingia kwa mlango wa uani. Niliwahi kumwuliza bibi kwa nini hawapiti mbele. Akanijibu, "Hao ni watu wetu," nami nikadhani ni maneno ya mapenzi. Nilipoendelea kuuliza alinifunga mdomo kwa methali: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Shamba la mzee wetu si Harewood, na bahari ya Hindi si Atlantiki. Vipimo havilingani. Lakini swali ni moja, na mimi nilisafiri maelfu ya maili kulipeleka kwenye nyumba ya mtu mwingine. Wazee walisema kweli: nyani haoni kundule. Hata katika fidia hatutofautiani kama nilivyopenda kuamini. Utumwa ulipoondolewa na amri ya Sultani huko Unguja na Pemba mwaka 1897, waliowekewa fidia walikuwa mabwana. Bara, upande wetu wa Tanganyika, haukukomeshwa na sheria hata mwaka 1922, na mwaka 1922 si zamani. Bibi yangu alizaliwa miaka michache tu baadaye.

Niliporudi nyumbani nilikwenda Pangani kumwona mama mkubwa, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Nilimwamkia, nikamweleza nilichokiona, kisha nikamwomba majina ya watu wa shamba lile. Alinyamaza kitambo.

"Mwanangu," akasema, "yaliyopita si ndwele."

"Mama mkubwa, mimi si tabibu," nilimjibu. "Nataka majina tu."

Alinitajia matatu. La nne alilitafuta sana, akasema labda litamjia usiku, halikumjia. Nimeyaandika katika daftari, wala siyachapi hapa, kwa kuwa si yangu kuyatoa. Wajukuu wao wanaishi mtaa wa pili kutoka kwetu. Nimetuma mtu kuomba ruhusa ya kuwazuru, wakanijibu kwamba watafikiri. Wana haki ya kufikiri kwa muda wapendao, maana sisi tulichukua miaka mia.

Ile methali ya bibi siikatai, ila naona tumeisoma nusu. Yatupasa kuganga yajayo, na mganga huanza kwa kumwuliza mgonjwa maradhi yalianza lini, na wapi. Watu wa Harewood walijenga pazia za mbao zisizoweza kuvutwa. Za kwetu ni za kitambaa. Aliye tayari kuinua mkono aweza kuzifungua.