Futi 25

Kampuni zinazokodisha magari-nyumba hapa Marekani, yaani yale yenye kitanda, jiko na choo humohumo, huanza na swali moja: wewe ni msafiri wa mtindo gani? Ukijibu, unaoneshwa gari la saizi yako. Kama unapenda kuhama kila siku, chukua dogo. Kama unapenda kutua mahali ukakaa wiki nzima, chukua kubwa. Mimi swali hilo lilinikwamisha, maana sikumbuki kuwahi kuwa na mtindo. Kwetu Kilimanjaro tulisafiri kwa sababu: shule imefunguliwa, kuna msiba, kuna harusi, ni Desemba na kila mtu anarudi nyumbani. Mtindo ulikuwa wa basi lenyewe, sisi tulipanda tu.

Magari haya yamepewa herufi. Daraja A linafanana na basi la mikoani. Daraja B ni vani iliyogeuzwa chumba. Daraja C lina kichwa cha gari la mizigo na kitanda juu ya dereva, na kwa ukubwa liko katikati ya hayo mawili. Aliyepanga herufi hizo hakuwa anafikiria ukubwa. Kinachoshangaza ni kwamba leseni ya kawaida ya gari dogo inatosha kukupa funguo za gari la futi 30, mita 9 na ushee, hata kama jana ulikuwa unaendesha Corolla.

Sisi hatukuwa tunatafuta gari kwa sababu ya gari. Mama alikuwa anakuja Seattle kututembelea kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka 68, goti moja bovu na kisukari, na alikuwa ameomba kitu kimoja tu. Aliona picha za hifadhi ya Glacier, kule Montana, akasema anataka kuona barafu yao. Mama amezaliwa Machame. Alfajiri za utoto wake zilianza kwa kutoka kihambani na kumwangalia Kibo kama ametoka au amejifunika. Barafu ya Kibo imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake tangu 1912, na mama hahitaji mtu wa kumwambia hivyo. Ameishi chini yake. Alitaka kuona ya wenzetu inaendeleaje, kama mtu anayemtembelea mgonjwa mwenye ugonjwa wake.

Sasa ndani ya hifadhi ile kuna barabara moja inayokatiza milima, Going-to-the-Sun Road, iliyofunguliwa 1933. Ni nyembamba, imechongwa kwenye jabali, upande mmoja ukuta na upande mwingine hewa. Kwenye sehemu ya katikati, gari lenye urefu unaozidi futi 21 haliruhusiwi, wala lenye upana unaozidi futi 8, na vioo vya pembeni vinahesabiwa. Na mojawapo ya sehemu chache ambazo mtu anaweza kuona barafu ya kudumu bila kupanda mlima kwa miguu iko kwenye kipande hichohicho.

Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa nyepesi: vani. Futi 19, inapinda kona, unaegesha popote, na siku ya barabara ile nakunja vioo tunapita. Niliipenda sana ile vani. Ina kitanda nyuma, jiko la sahani mbili, na choo ambacho pia ndicho bafu, maana unaoga ukiwa umesimama mbele ya sinki la choo. Inalaza watu wawili. Mimi na mama.

Mdogo wangu aliisoma karatasi mara mbili kisha akauliza, kwa sauti ya utani isiyo ya utani, yeye atafungwa kwenye paa au atavutwa kwa kamba. Yeye hajaonana na mama kwa miaka sita. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani mara moja katikati. Yeye karatasi zake hazikumruhusu kutoka. Nikaikunja ile karatasi ya vani.

Wakati huohuo habari zilishamfikia shangazi Tacoma. Alipiga simu akiwa amefurahi. Hilo gari la vitanda, alisikia lipo la kulaza watu saba? Watoto wake wako likizo. Hatakula nafasi, watajibana tu.

Hapa ndipo nilipoelewa jambo ambalo lile swali la mtindo haliligusi kabisa. Kwetu, kiti kitupu kwenye gari si kiti kitupu, ni cha mtu ambaye hajapiga simu bado. Nikichukua futi 30, nimemwalika shangazi, na watoto, na pengine jirani yake anayependa milima. Huwezi kumwambia shangazi wa damu kwamba unataka kukaa na mama yako peke yako. Neno hilo litafika Machame kabla ya chakula cha jioni. Lakini unaweza kumwambia kitanda hakipo. Kitanda kisipokuwepo hakuna aliyekosea. Nafikiri watu wengi wenye ukoo mkubwa hupima nyumba na magari yao kwa futi hizi za adabu bila kusema.

Ikabaki futi 25, daraja C, isiyoweza kupita kwenye barabara ile. Nilikuwa bado nasitasita. Jioni moja mdogo wangu akanunua chaki, akachora kwenye maegesho ya jengo letu mistatili mitatu, 19, 25 na 30, na ndani yake kitanda, meza, choo na mlango. Mama, aliyefika siku nne kabla, akaletewa kiti cha plastiki. Akakaa ndani ya futi 25 na swali lake la kwanza likawa choo kiko umbali gani na kitanda.

Akainuka akatembea. Kitandani hadi chooni, hatua tatu. Akauliza pembeni kuna nini. Nikamwambia upande huu kabati, upande huu ukuta, ni pembamba, mtu akinyoosha mikono anagusa kote kuwili. Akafurahi kuliko nilivyotarajia. Nyumba yake ya Machame ina korido pana, na usiku goti likimsumbua hana pa kushika. Kwenye mstatili wa vani aliangalia kitanda, akauliza anayelala upande wa ndani anatokaje. Anamruka mwenzake, nikamwambia. “Nina miaka 68, mama,” akasema. Huniita mama anapotaka nisibishe.

Nilikuwa na hoja moja niliyoitunza kwa ajili ya gari kubwa zaidi, insulini, inayotaka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 kabla haijafunguliwa. Akanicheka. Alikuwa ameitoa KIA hadi Seattle ndani ya chupa ya chai, akiwaomba barafu wahudumu wa ndege. Mambo mengi wanayoyauza kama sababu ya kuchukua gari kubwa yanamalizwa na chupa ya chai.

Tukachukua futi 25. Safari inazidi kilomita 800 kwenda tu, na gari hilo linakunywa zaidi ya lita 20 kwa kila kilomita 100, kwa hiyo mafuta tulichangishana watatu. Hatukukatiza milima; tulizunguka kusini kwa barabara ya US 2 hadi upande wa mashariki, St. Mary. Kambi za hifadhi hazina umeme wa kuchomeka wala bomba la kuunganisha kwenye gari. Unaishi kwa maji uliyobeba, na kila lita ni kilo uliyoipandisha mlimani. Mama alituangalia tukihangaika na kipimo cha tangi, kisha akaosha vyombo vya watu watatu kwa bakuli moja, kama alivyofanya maisha yake yote, na tangi halikushuka.

Barabara ile tuliipanda kwa basi. Hifadhi ina mabasi mekundu ya miaka ya 1930 yenye paa la turubai linalokunjwa, na kila safu ya viti ina mlango wake. Dereva aliweka kigoda, mama akapanda. Tulipofika mahali pa kutazamia barafu ya Jackson, paa lilikuwa limekunjwa na hakuhitaji kushuka. Kiongozi alieleza kwamba katikati ya karne ya 19 palikuwa na barafu za kudumu kama 80 eneo hili, na zilipopimwa 2015 zilizokuwa bado na ukubwa wa kuhesabika zilikuwa 26. Mdogo wangu alimtafsiria. Mama aliangalia kile kipande cheupe kilicholala begani mwa mlima, mbali, kidogo kuliko alivyodhani.

“Na yao,” akasema. Basi. Akafunga kanga yake kichwani kwa sababu ya upepo.

Usiku, saa mbili, alikunywa uji, akajichoma sindano, akavuta pazia la kitanda chake. Kwenye gari dogo meza ndiyo hugeuzwa kitanda. Mmoja akilala, wote mmelala. Hapa meza ilibaki meza. Mimi na mdogo wangu tulikaa mpaka saa sita na taa moja, tukiongea chini kwa chini, yeye akitaka kujua msiba wa baba ulikuwaje, nani alikuja, nani hakuja, kaburi liko upande gani wa kihamba. Nilimchorea kwa kidole juu ya meza. Nyuma ya pazia mama, ambaye tulidhani amelala, akasema hapana, liko upande wa mparachichi.